Bolti ya Sita

Duka la vipuri lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na muuzaji alikuwa na macho ya kuona wanaume tu. Fundi cherehani alikuwa amesimama mbele yake robo saa nzima, ndani ya ovaroli ya buluu aliyojishonea mwenyewe, mkononi ana bolti iliyoliwa na kutu. Muuzaji alimruka, akamwuliza mwanamume mrefu mwenye shati jeupe aliyesimama nyuma yake, "Kaka, gari lenu la mwaka gani?"

"Mimi nimefuata balbu tu," alijibu yule mrefu. "Muulize mwenye gari."

Basi, hapohapo moyo wa fundi cherehani ukamwendea. Yule mrefu alikuwa daktari wa meno, na kabla hawajafika barabarani walikuwa wameshapeana namba za simu.

Gari lilikuwa la shangazi yake fundi cherehani, lenye umri wa kumzidi yeye. Shangazi alimkabidhi funguo kwa sharti moja: alitengeneze kwa mikono yake mwenyewe, si ya kukodi. Kaka zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndiyo maana kila jioni, akishafunika cherehani, aliinama juu ya injini kupambana na bolti sita zilizoshika bomba la moshi. Alizimwagia mafuta, akazipasha moto, akaziacha zipoe. Alizikaza kidogo ndipo akazilegeza, robo mbele, robo nyuma. Kwa wiki tatu zilitoka tano.

"Laazizi, hiyo ya sita ina nini?" daktari aliuliza kwenye simu.

"Ina kiburi kama mwenye nyumba wangu."

"Nikusaidie?"

"Nisaidie kungoja."

Daktari hakungoja. Alikuwa ameahidi kumpeleka mpenzi wake kwa mama yake Jumamosi, tena kwa gari hilohilo, na siku zilikuwa zinamwishia. Alhamisi, mpenzi wake alipokwenda kumpima bibi harusi mmoja gauni, daktari alimleta fundi wa gereji mwenye nyundo na bomba la kurefushia spana. Walivuta kwa nguvu, bolti ikakatika. Kichwa kilibaki mkononi, mwili ukabaki ndani ya injini.

Fundi cherehani alirudi mchana akakiona kichwa cha bolti kimewekwa juu ya betri, daktari amesimama kando.

"Nani amekutuma?"

"Nilitaka kukupunguzia kazi, mpenzi."

"Jino la mgonjwa likigoma, unaita mtu wa nyundo?"

"Hapana."

"Duka zima lilinidharau, wewe ukasema niulizwe mimi. Leo umemuuliza nani?"

Daktari alinyoosha mkono kukichukua kile kichwa.

"Nitokee hapa."

Nisikufiche, msomaji, mimi ningemrushia na spana. Kaka zake walau walicheka mbele yake. Huyu alimnyang'anya kazi yake akaiita mapenzi, na ukimlaumu anakutazama kama umemwonea.

Daktari alipiga simu siku kumi, haikupokelewa. Jumamosi ilipita, mama mtu akangoja bure. Siku ya kumi na moja simu ikapokelewa.

"Msamaha nimeshaomba kwa meseji, najua haukutosha," alisema daktari. "Leo nauliza tu. Unahitaji nini?"

Fundi cherehani aliinamia kipande kilichobaki ndani ya injini. "Mwanga. Nikitoboa pembeni hata kidogo, injini imekufa, na nyingine kama hii haipatikani."

"Nije na taa yangu ya kazini?"

"Njoo na taa. Mikono iache huko."

Alikuja na ile taa ya kuvaa kichwani anayotazamia vinywa vya watu. Alipiga magoti saa nzima, jasho likimwingia machoni. Fundi cherehani alitoboa katikati ya kile kipande, akapachika chuma kinachouma kikizungushwa kushoto, akaanza kuzungusha. Kipande kililia. Mkono wa daktari ulishtuka kutaka kusaidia, akaurudisha nyuma ya mgongo na kuushikilia kwa ule mwingine.

Robo mbele, robo nyuma. Kikatoka kizima, na tundu likabaki salama. Fundi cherehani alikiweka kiganjani mwa daktari.

"Hasira bado ninayo," alisema.

"Njoo nayo kwa mama. Sebule yake kubwa."

"Atauliza nani katengeneza gari."

"Akiniuliza mimi, unajua nitamwambia amuulize nani."

Fundi cherehani aliinama tena kwenye injini ili asionekane anacheka.

"Jumamosi," alisema kutoka huko. "Naendesha mimi. Sasa shika taa vizuri."