Upepo Haupigi Kura

Jumamosi asubuhi Denise Uriarte alikuwa jikoni akikata nyama ya kondoo ya mchuzi. Maharage yalikwisha kuiva. Mumewe, Mitch, alikuwa ametoka zamu ya usiku mgodini. Aliketi mezani na buti zake miguuni, akitazama televisheni. Binti yao, Amaia, alisimama dirishani, mkono tumboni, akiangalia theluji.

Hakuna aliyemwuliza Amaia anawaza nini. Walijua. Majira ya baridi yaliyopita alishikwa na uchungu siku ya tufani. Wodi ya wazazi ya hapo mjini ilikuwa imefungwa. Hospitali yenye wodi iko ng'ambo ya milima, na barabara ilikuwa barafu tupu. Gari likaserereka mtaroni. Mtoto alizaliwa garini, akafa garini. Sasa Amaia alikuwa na mimba nyingine, na wodi bado ilikuwa na kufuli.

Mchana wa siku hiyo, wanachama wa chama chao walikuwa wakutane katika ukumbi wa shule. Kila mtu angesema anamtaka nani agombee urais kwa tiketi ya chama. Denise alikuwa na mtu wake, Seneta Everett Quarles. Kati ya wagombea wote, ni huyo peke yake aliyezungumzia wodi za wazazi zinazofungwa katika miji midogo.

"Quarles wako kwisha habari yake," Mitch alisema, akiielekezea televisheni kijiko. "Jimbo la kwanza, wa tano. Jimbo la pili, wa tano. Gavana Halloran ndiye mwenye upepo."

"Nimesikia. Tangu asubuhi wimbo ni huo huo."

"Basi usiende kuitupa kura yako shimoni, mke wangu."

Denise aliweka kisu chini. "Nitasimama na Halloran. Afadhali niwe na mshindi."

Amaia hakugeuka. "Halloran amesema nini kuhusu wodi, mama?"

Denise akakichukua kisu tena.

Mlango uligongwa. Akaingia jirani yao, Loretta Steele, akikung'uta theluji mabegani. Loretta alikuwa amesimamia mikutano hiyo kwa miaka mingi. Alikuja kumchukua Denise kwa gari lake.

"Mbona mmenuna kama mmelishwa shubiri?"

"Mtu wangu hana upepo," Denise alisema. "Nahama."

"Shoga, huo upepo unaujua lakini?"

"Si ni watu kumpenda?"

"Watu gani? Majimbo mawili tu ndiyo yamepiga kura. Mtu akishika nafasi ya tano, televisheni inasema amekwisha. Wachangiaji wanafunga mikoba. Watu kama wewe mnamkimbia. Hapo anashindwa kweli. Kisha televisheni inasema, 'Si tuliwaambia?' Upepo huo mnaupuliza nyinyi wenyewe!"

Mitch alicheka bila furaha. "Lakini hatashinda, Loretta."

"Huenda asishinde. Sikuja kumdanganya mtu." Loretta alivuta kiti. "Ila leo hatumchagui rais. Tunachagua wajumbe. Wajumbe wanakwenda mkutano wa kaunti, na huko ndiko madai ya chama yanakopitishwa. Kundi la Quarles likipata mjumbe mmoja, kuna mdomo mmoja wa kuitaja wodi. Lisipopata, nani ataitaja?"

"Na kundi likiwa dogo?"

"Hapo ndipo watu wetu wanapokosea kila mara. Wakiambiwa hawatoshi, wanavaa makoti na kwenda zao kwa hasira. Wewe usivae koti. Kanuni inatoa nafasi ya pili. Makundi madogo yanaruhusiwa kuungana. Nenda ukaombe."

"Mimi? Nikaombe mbele za watu?"

"Mdomo unao. Kila siku nausikia ukimfokea Mitch."

Ukumbi wa shule ulikuwa na baridi na ulinuka viatu vya mpira wa kikapu. Watu arobaini walikuwa wamefika. Kila mgombea alikuwa na kona yake, na kura yako ilikuwa mahali uliposimama. Kundi la Halloran lilijaza upande mzima, likichangamka kama harusi.

"Denise!" aliita Curtis Beal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Njoo kwa washindi! Huko mtaganda!"

Watu wakacheka. Denise aliona haya. Miguu ilitaka kwenda kwenye kicheko na joto. Lakini swali la Amaia lilikuwa bado halijajibiwa. Akapita katikati ya ukumbi, akasimama kwenye kona ya Quarles.

Walihesabiwa. Kundi lilitakiwa liwe na watu sita angalau. Wao walikuwa wanne.

"Kundi la Quarles halikutosha," msimamizi wa mwaka huo alitangaza. "Mna muda mfupi wa kujipanga upya."

Mzee Orrin, aliyesimama kando ya Denise, akachukua koti lake. "Nilijua tu. Twendeni nyumbani."

"Usivae koti, mzee wangu," Denise alisema. "Hatujamaliza."

Kwenye kona nyingine walisimama watu watatu wa mgombea mwingine mnyonge. Mmoja wao alikuwa Verl Hatch, mfugaji wa ng'ombe. Verl ndiye aliyelivuta gari lao kutoka mtaroni siku ile ya tufani. Tangu hapo walisalimiana tu. Hawakuwahi kuizungumzia.

"Umekuja kunipigia kampeni ya maiti?" Verl aliuliza.

"Nimekuja kuomba." Sauti ya Denise ilikwaruza. "Uliyaona mwenyewe, Verl. Sihitaji kukusimulia."

Verl alitazama chini. "Niliyaona."

"Amaia amebeba tena. Atajifungua mwezi wa sita."

Verl alivua kofia yake. "Nikija kwenu, sitampenda huyo Quarles."

"Usimpende. Mpende mkunga."

Akawatazama wenzake wawili. Wakatikisa vichwa kukubali. "Kwa sharti moja," Verl alisema. "Mjumbe uwe wewe. Mimi habari ile siwezi kuitamka."

Wakavuka ukumbi wote watatu. Kundi likawa la watu saba.

"Hee! Wafu wamefufuka!" Curtis alipiga kelele. Safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Denise akatoka pale akiwa mjumbe.

Wiki iliyofuata, Quarles alijitoa. Fedha zilimwishia. Mitch aliizima televisheni. Denise alijifungia stoo akalia.

"Sasa mimi ni mjumbe wa nani?" alimwuliza Loretta.

"Wa wale saba. Wao hawajajitoa."

Mkutano wa kaunti ulifanyika theluji ilipoanza kuyeyuka. Wakati huo hata Halloran upepo ulikuwa umemhama, na televisheni ilikuwa ikimsifu mwingine. Denise alisimama mbele ya watu. Alisimulia barabara, gari na mtoto. Aliomba jambo dogo: kaunti iajiri mkunga, aje zahanati ya mji kila wiki. Wajumbe wakalipitisha kuwa dai la chama. Wawili kati ya wakuu wa kaunti walikuwa wanachama wa chama hicho hicho, na walikuwa wakiomba kuchaguliwa tena. Kila walikokwenda waliulizwa, "Mkunga yuko wapi?" Hawakuwa na pa kukwepea.

Mkunga alifika mwezi wa tano. Wodi bado ilikuwa na kufuli. Alipewa chumba kimoja chenye kitanda na mizani. Wanawake waliokuwa wakingoja walifika hadi nje ya mlango.

Amaia alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Moyo wa mtoto unapiga vizuri," alisema. "Na mkunga amenitafutia nafasi kule ng'ambo ya milima. Nitakwenda mapema, nikae karibu na hospitali hadi siku yenyewe. Sitazaa barabarani, mama."

Denise alitaka kucheka. Akamkumbatia, akalia badala yake. Kwa mtoto mmoja, maneno hayo yalikuwa yamechelewa.