Mdoli Aliyegoma Kukauka

Kila alasiri, akishavua sare na kuosha vyombo, Brashi aliketi kwenye ngazi za nyuma na kupaka rangi chochote kisichokuwa na miguu ya kukimbia: vifuniko vya chupa, gari la mbao, hata mwiko wa mama. Jina hilo alibandikwa na mjomba wake, fundi wa kupaka rangi mageti, na likamkaa kuliko sare yenyewe.

Jumatatu hiyo alipewa kazi ya heshima. Mdogo wake wa miaka mitatu, Kitinda, alikuwa na mdoli wa plastiki laini aliyefutika uso kwa kubusiwa.

"Dada, mpe macho," Kitinda aliomba. "Na mdomo."

Brashi alijipenyeza stoo kwa mjomba bila ruhusa. Akachota rangi nyeusi na nyekundu kwenye makopo makuukuu yaliyobanduka karatasi, akampaka mdoli tabaka nene, kisha akamlaza ubavu dirishani akauke.

Jumanne hakukauka. Jumatano vilevile. Alhamisi asubuhi jicho moja lilikuwa limeteleza, kama linachungulia kitu mvunguni, na mdomo umejivuta kuelekea sikioni.

"Kitinda, umemgusa?"

"Yeye ndiye ananishika."

Mtoto aliweka kiganja kwenye shavu la mdoli, akainua mkono. Mdoli akainuka naye, akaning'inia. Brashi alicheka, akamnasua kiganja.

Ijumaa mdoli alikuwa ameota ndevu. Brashi alijua fika ni manyoya ya paka yaliyonasa kwenye rangi. Ila kujua ni kitu kimoja, na kubaki chumbani peke yako na mdoli mwenye ndevu ni kitu kingine. Alimgeuzia uso ukutani, akakimbilia shule.

Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Mdoli alikuwa ameketi, anatazama mlango. Macho yapo, ndevu zipo. Mdomo haupo.

Pazia likatikisika. Nyuma yake akatoka Kitinda, akitabasamu kwa meno mekundu.

"Nimembusu sana," alisema.

Brashi alimbeba mbiombio hadi kwa mjomba, aliyekuwa uani akipiga msasa.

"Mjomba, amelamba rangi!"

"Rangi gani?"

"Ya... ya shuleni."

Mjomba alimnusa mtoto mdomoni. "Tangu lini shule yenu inafundisha mageti? Brashi, nitazame. Daktari atamtibu kwa neno lako. Kopo lipi?"

Brashi aliyatazama meno mekundu ya mdogo wake. "Yale ya stoo, yasiyo na karatasi. Nilichota bila kuomba. Nisamehe."

Mjomba hakupoteza muda kugomba. Alimsafisha mtoto kinywa kwa maji na kitambaa, akabeba makopo, wakaenda kituo cha afya. Daktari alisema rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Kitinda akatolewa damu. Siku za kungoja majibu, Brashi hakugusa hata penseli ya rangi.

Majibu yalitoka salama. Mdoli na yale makopo viliondolewa nyumbani. Mjomba alichonga mdoli wa mti, akaleta rangi ya maji iliyoandikwa kuwa ni salama kwa vitu vya watoto.

"Kabla hujafungua kopo," alisema, "uliza kitu chenyewe ni cha nini, na kitaishia kwa nani. Rangi yangu hushika chuma. Kwenye plastiki laini inaweza kunata milele. Na hawa wadogo hutazama kwa ulimi. Jaribu kwanza kwenye unyayo, tabaka jembamba, ngoja, kisha jingine."

Brashi alipaka unyayo, akapuliza. "Tutampa Kitinda lini?"

"Rangi ikikauka kabisa. Na hapo sitanusa mtu, nitakuuliza wewe. Ukikosea kuchagua rangi, tunapaka upya. Ukinificha, mwenzio anaumia huku sisi tunatafuta dawa gizani. Sasa niambie, imekauka?"

Brashi aligusa unyayo wa mdoli kwa ncha ya kidole.

"Bado, Mjomba."

"Basi tungoje."