Siku Ishirini na Moja za Soksi

Nyumbani kwetu kila mtu ana kazi yake jioni. Mama akirudi kutoka saluni, anakosuka nywele za watu tangu asubuhi, huloweka miguu kwenye beseni huku akitupa habari za wateja. Baba ni fundi wa kushona viti vya magari, kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kujikung'uta nyuzi na sponji mlangoni kabla mama hajamfokea. Bibi, mama yake baba, huchambua mboga. Mdogo wangu wa miaka sita tunamwita Maswali, na ukikaa naye dakika mbili utajua ni kwa nini.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika. Orodha ya sokoni, barua ya ruhusa ya shule, tarehe za sindano za mbwa, vyote niliviandika mimi. Nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote mle ndani, na baba alinibandika jina la Karani. Jina lenyewe lilinivimbisha kichwa, nikiri tu.

Mbwa wetu walikuwa wawili. Bosi alikuwa mzee mnene ambaye akishalala mlangoni huna budi kumruka. Soksi alikuwa jike mdogo mwenye miguu minne myeupe na moyo mwepesi wa kushtuka. Mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni, Soksi tayari yuko chini ya kitanda.

Likizo ile mama mdogo alitualika kwake pwani kwa siku nne. Jirani aliyezoea kututunzia mbwa alikuwa amehama, kwa hiyo ilibidi tusafiri nao. Bosi hakuwa na shida, maana yeye hulala popote. Shida ilikuwa Soksi. Mara ya mwisho kupanda gari alikuwa anapelekwa kushonwa jeraha la mguu, na tangu siku hiyo akiona mlango wa gari uko wazi anatetemeka mwili mzima.

Baba alimpeleka kwa miguu kwa daktari wa mifugo kuomba ushauri. Mimi nilifuatana nao.

"Hofu haitoki kwa kuambiwa," daktari alisema. "Gari likae limezimwa. Kila siku, robo saa, mtu mmoja akae naye ndani, ampe kitu kitamu, asimlazimishe. Fanyeni hivyo siku ishirini na moja bila kuruka. Atalizoea gari kama chumba chake."

"Huyu hapa ataifanya kazi hiyo," baba alisema, akinishika bega. "Tena ataiandika."

Akaninunulia daftari jipya lenye jalada gumu.

Siku ya kwanza nilijitahidi. Gari letu hukaa nyuma ya nyumba, kwani karakana ya baba iko mtaa wa pili na huenda kwa miguu. Nilifungua mlango, nikaingia, nikamwita Soksi. Aligoma. Siku ya pili nilimbeba, naye akanikwaruza mkono na kuchoropoka. Mle ndani mlikuwa na joto la kuokea mkate. Siku ya tatu niliwasikia wenzangu wakiruka kamba nje ya geti, nikajiambia nitafidia kesho.

Kesho sikufidia. Wala kesho kutwa. Nilikuwa nikienda nyuma ya nyumba, nikigonga mlango wa gari usikike, halafu nikipita uchochoroni hadi kwenye kamba. Jumapili moja nilijaza siku tisa kwa mkupuo. Nilibadilisha kalamu, bluu, nyeusi, kisha bluu tena, ili zionekane ni siku tofauti. Siku ya kumi na mbili niliandika: "Soksi ameingia mwenyewe. Amelala. Anapenda." Nilitia hata nukta vizuri. Leo nikikumbuka ile nukta, nasikia aibu kuliko hata maneno yenyewe.

Jumamosi ya mwisho baba alipaswa kuwazungusha mbwa mtaani kwa gari, kwa majaribio, lakini alikuwa na viti vya basi zima vya kumaliza. Alichungulia daftari tu.

"Wako tayari, Karani?"

"Wako tayari kabisa, baba."

"Safi sana. Hapa nina msaidizi."

Alfajiri ya safari Soksi alijibana nyuma ya pipa la maji. Baba alimtoa na kumpakia nyuma, karibu na Bosi. Soksi alikuwa anatoa mate na kutetemeka hadi mabegi yalitikisika.

"Mbona yuko hivi?" mama aliuliza. "Si amezoea?"

"Ni furaha, mama," nilisema.

"Furaha inatoa mate?" Maswali akauliza. Nilimfinya.

Tulisafiri asubuhi nzima. Saa sita mchana gurudumu likaishiwa upepo, tukasimama kwenye kibanda cha fundi pancha kando ya barabara kuu. Kulikuwa na rundo la matairi, vichaka, na mtaro ulioingia kwenye karavati pana chini ya barabara. Bibi alishuka kunyoosha miguu, akasema atamshika Soksi apumue hewa. Nilimkabidhi kamba ya Soksi mimi mwenyewe.

Lori likapita likipiga honi. Soksi aliruka, kamba ikamchomoka Bibi mkononi, na kabla yeyote hajasema neno alikuwa ameshatokomea mtaroni.

Tulimwita hadi sauti zikatukauka. Mama alizunguka vichaka upande mmoja, baba upande mwingine, mimi nikakagua rundo la matairi. Hayupo. Mwishowe baba alimpigia simu daktari wa mifugo na kuweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Yale mazoezi mlifanya?" daktari aliuliza.

"Siku zote ishirini na moja. Daftari ninalo hapa."

"Basi usihangaike. Kwake gari sasa ni nyumbani. Liacheni palepale, fungueni milango yote, injini iwe inanguruma aisikie alipo. Kaeni humo ndani mtulie. Atakuja mwenyewe."

Baba aliwasha injini. Tukakaa ndani ya gari, milango wazi, tukisubiri. Nilijua. Katika watu wote waliokuwa pale, mimi peke yangu nilijua kwamba Soksi hawezi kulifuata gari lile hata lingejazwa nyama. Nilifungua mdomo mara mbili, nikaufunga mara mbili.

Saa ikapita, ikafuata nyingine. Taa moja ya gari haikuwa inawaka, na baba alikuwa amesema kwamba ikifika saa kumi lazima tuondoke, giza lisitukute njiani. Ilikuwa saa tisa na nusu. Bibi alikuwa kiti cha mbele, akiitazama mikono yake, akiikunja na kuikunjua.

"Zamani nilikuwa nashika ndama kwa mikono hii," alisema taratibu. "Sasa hata mbwa mdogo ananishinda."

"Mama, usiseme hivyo," baba alimwambia. "Ni ajali tu."

"Si ajali, mwanangu. Nimezeeka. Saa kumi ikifika nyinyi nendeni na watoto. Mimi nitabaki hapa nimsubiri. Aliyempoteza ni mimi."

Wakati huohuo fundi pancha alitujia, akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Samahani, mzee," alimwambia baba. "Mbwa wenu mweupe miguu? Nimemwona mara tatu akichungulia kwenye karavati. Anatoka kidogo, anaitazama hiyo gari yenu, halafu anarudi ndani mbio. Kama vile anaiogopa."

"Haiwezekani," baba alisema. "Huyo amelizoea gari. Labda ni mbwa mwingine."

Fundi alinyanyua mabega. Bibi akaanza kutafuta mkoba wake ili ashuke, mguu mmoja tayari ukiwa nje. Hapo sikuweza tena.

"Ni yeye," nilisema. "Ni Soksi. Analiogopa gari."

Wote waligeuka.

"Sikufanya mazoezi, baba. Nilifanya siku mbili tu. Zile nyingine niliandika uongo."

"Siku ngapi?" mama aliuliza, kana kwamba hakusikia.

"Kumi na tisa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi, lakini baba alinyoosha mkono kwenye ufunguo. Alizima injini. Kisha akatushusha sote na mizigo yetu, akaliondoa gari taratibu, akalipeleka nyuma ya kona lisikoonekana wala kusikika. Alirudi kwa miguu, hanitazami.

"Kaeni chini, mbali na barabara," alisema. "Mtoeni Bosi akae nanyi."

Tulikaa kwenye nyasi. Fundi pancha, mtu mwema, aliacha kugonga vyuma vyake. Bosi alijilaza ubavu na kuanza kukoroma. Maswali alitaka kuuliza jambo, akaangalia nyuso zetu, akalimeza swali lake. Nadhani lilikuwa swali la kwanza kulimeza maishani mwake.

Baada ya muda pua ikatokeza kwenye mdomo wa karavati, kisha miguu miwili iliyokuwa myeupe asubuhi na sasa imejaa tope. Nilipiga magoti na kumwita kwa upole, mikono nimeinyoosha. Soksi alinitazama. Akanipita. Akaenda moja kwa moja hadi mapajani mwa Bibi, akaficha kichwa chake kwenye kanga yake.

Nilishukuru, na nililia, na sikuweza kusema kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Hatukufika pwani siku ile. Soksi hakukubali kulisogelea gari, na safari hii hakuna aliyemlazimisha. Baba alimpigia mama mdogo kumwambia tutachelewa. Alisema, "Kumetokea tatizo," asinitaje, na kutotajwa huko kulinizidishia aibu. Tulilala kwenye nyumba ya wageni kwenye mji mdogo uliokuwa karibu. Bibi na mimi tulitembea na mbwa hadi huko, mwendo wa nusu saa, na njia nzima Bibi alitangulia na fimbo yake. Kamba ya Soksi nilishika mimi. Bibi hakutaka kuigusa.

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye gari lililozimwa nikiwa na vipande vya mkate, milango wazi. Mama alikaa kwenye ngazi ananitazama. Ilipofika saa sita, Soksi alikubali kubebwa na Bibi na kukaa mapajani pake, na hivyo ndivyo tulivyofika, baba akiendesha polepole kama amebeba mayai.

Kwenye siku nne za pwani zilibaki mbili na kitu. Asubuhi ya kwanza, wengine walipoteremka ufukweni, mimi nilibaki uani kwa mama mdogo, ndani ya gari. Hakuna aliyenipa adhabu hiyo, nilijipa mwenyewe. Nilimsikia Maswali akipiga kelele majini. Soksi alisimama nje, ameweka miguu miwili ya mbele ndani ya gari, miwili ya nyuma bado chini, anatafuna mkate.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Bibi aliingia, akakaa, akaweka fimbo yake magotini.

"Leo vipi?" aliuliza bila kugeuka.

"Miguu miwili tu, Bibi. Ya nyuma amekataa."

"Mm."

Nilikusanya nguvu. "Bibi, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Kwa uongo wa daftari."

"Hilo mwombe baba yako."

Nilijua ananingoja nifike mwenyewe.

"Nisamehe kwa kukuacha ujione umezeeka," nilisema. "Ulikuwa unajilaumu na mimi nilikuwa najua. Nilikaa nyuma yako nikikusikiliza, nikanyamaza."

Ndipo Bibi alipogeuka. Macho yake hayakuwa makali, yalikuwa yamechoka tu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Uvivu wako ungeisha nyumbani. Ungesema, 'Sikufanya,' baba yako angekasirika siku moja, tungeahirisha safari, basi. Lakini ulipoandika uongo, sisi tuliuamini. Tukapanga safari juu yake. Daktari akatoa ushauri juu yake. Baba yako akawasha injini, kumbe anamfukuza yule tunayemwita. Na mimi nikaanza kuichukia mikono yangu. Wewe ulidhani unadanganya karatasi. Karatasi haidanganyiki, wanaodanganyika ni watu wanaokupenda, kwa sababu hao ndio hawakagui."

Machozi yalinidondoka magotini, na Soksi akasogea mbele kuyanusa. Mguu mmoja wa nyuma ukapanda, kisha wa pili. Alikaa kando yangu kwenye kiti, akaendelea kutafuta makombo ya mkate.

Tulikaa hivyo robo saa kamili. Nilihesabu kila dakika.

Kisha Bibi alishuka, akasimama kwenye mlango wangu, akanyoosha mkono.

"Ulikosea, lakini ulisema mwenyewe kabla sijaachwa njiani. Nimekusamehe," alisema. "Sasa nipe hiyo kamba."

"Bibi, nimshike mimi, anavuta sana."

"Nimesema nipe."

Nilimpa. Aliizungusha mara mbili kiganjani, akaikaza, akashika njia ya kuelekea ufukweni na Soksi ubavuni mwake. Mimi nilibeba fimbo, nikawafuata nyuma.