Sanduku la Vitambaa na Mfarishi wa Mistari

Kila asubuhi Mzee Dereva alifagia chumba, akachemsha chai ya mtu mmoja, kisha akafungua sanduku la marehemu mkewe. Hakutoa kitu. Alinusa tu, akalifunga.

Sanduku lilijaa vitambaa. Mkewe alivinunua kimoja kimoja kwa miaka mingi. Kila mara alisema, "Kitapata kazi yake." Vingi vilikuwa bado vinaisubiri.

Siku moja binti yake alipiga simu. Alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Baba, nataka kuja kujifungulia huko. Lakini chumba changu kile kina baridi."

"Wewe njoo, mwanangu. Baridi niachie mimi."

Mzee aliamua kushona mfarishi, yaani tandiko nene la vitambaa vilivyounganishwa. Alikuwa ameendesha malori maisha yake yote. Cherehani ya mkewe ingemshinda nini? Akatoa sandukuni vitambaa vyekundu na vyeupe, akavikata, akaviunga kuwa mistari. Alipomaliza akaufua.

Rangi nyekundu ilichuja, ikaingia kwenye vyeupe. Vipande vingine vilisinyaa, vikavuta wenzake. Mfarishi wote ukapinda kama ndizi.

Jirani yake, fundi cherehani aliyeitwa Mama Pindo, alimkuta ameketi kitandani, kaupakata mapajani, ungali na maji. Akaukunjua.

"Mzee, barabara hii ina kona nyingi."

Mzee alicheka bila kutaka.

"Ulivifua vitambaa kabla ya kukata?"

"Hapana."

"Basi kosa ni hilo. Kitambaa kipya fua kwanza, na chenye rangi kali kifue peke yake. Kichuje na kisinyae mapema, kabla hakijaungana na wenzake."

Mzee akaligeukia sanduku. "Nikivifua vyote, harufu ya marehemu itaondoka."

 Mama Pindo alivuta kigoda, akaketi.

"Chagua kimoja usikifue. Kiweke. Hivyo vingine, mkeo, shoga yangu, alivinunua vitumike."

Mzee alipekua sanduku muda mrefu. Akatoa cha kijani, akakiweka chini ya mto wake. Vingine akavitia majini mwenyewe.

Vilipokauka, wakavipiga pasi. Mama Pindo akampa rula na chaki. "Usikadirie kwa macho. Mistari yote iwe na upana mmoja. Ukianza kushona mstari huu kutoka juu, unaofuata anzia chini. Ukianzia upande uleule kila mara, kazi itapinda tena."

"Na hivi nilivyoviharibu?"

"Vifumue. Vyeupe vimekuwa vya waridi. Waridi si rangi?"

Wakaviingiza navyo. Kisha wakatandika shuka chini, blanketi kuukuu katikati, na mistari juu. Wakabana kwa pini, wakashona kupita tabaka zote tatu zisitembee. Vijipande visivyotosha mstari, Mzee alivikatakata, akavijaza kwenye mto wa kuegemea wakati wa kunyonyesha. Hakikutupwa hata kimoja.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Aliporudi kutoka hospitali alilala juu ya mfarishi, mtoto ubavuni, mgongo ukiwa na joto. Akapitisha kidole kwenye mstari wa maua.

"Baba, hiki mama alikinunua lini?"

Tangu msiba, Mzee hakuwa amemtaja mkewe bila sauti kumkatika. Alivuta kiti karibu.

"Hicho tuligombana sokoni. Nilimwambia sanduku limejaa. Akasema nitoe mashati yangu."

Binti akacheka. "Na hiki cha bluu?"

Mzee akaeleza cha bluu. Akaeleza na cha njano. Alipofika kwenye kile cha waridi, binti alikuwa amepitiwa na usingizi. Mtoto alikuwa macho. Mzee akainama, akamsimulia yeye kwa sauti ya chini habari za bibi yake, mstari hadi mstari.