Damu ya Kuazima

Maiti ilikuwa kitanda namba tano, imefunikwa shuka la kituo cha utafiti, mguu mmoja umechomoza. Mguu wa mchimbaji huo, hata usipoambiwa unaujua. Kisigino kimepasuka mpaka basi.

"Nani alimkuta?" aliuliza Mkaguzi Nyamizi.

"Mimi, afande. Saa moja asubuhi, napita kupima presha." Muuguzi Generosa alikuwa bado ameshika mashine ya presha. "Anaitwa Nestory, wa Katoro. Jana mchana alimeza dawa pamoja na wenzake. Ugali alikula vizuri tu."

Wenzake saba walikuwa vitandani. Wanaume wenye afya zao, waliokuja Shinyanga kwa hiari kumeza dawa mpya ambayo haijawahi kupita koo la mtu. Unalala siku tano, unatolewa damu, unapewa posho, unakwenda zako. Jamani! Lakini tusiwaseme, kila mtu anaujua mzigo wake.

Nyamizi alimvuta kando Daktari Edward, mkuu wa utafiti.

"Dawa yako imeua?"

"Sijui."

"Jibu gani hilo?"

"La kweli, afande. Utafiti nimeusimamisha. Damu za hawa saba zimepelekwa Mwanza, majibu ni kesho. Hospitali wamenipa nafasi moja tu kwenye mashine ya kusafisha damu. Nafasi moja, watu saba! Nimpeleke nani?"

Nyamizi aliwatazama wale saba. Mmoja alimtabasamia kwa woga.

Mchana majibu ya uchunguzi wa maiti yalifika. Figo za Nestory zilikuwa zimesinyaa, za mtu aliyeugua miaka. Daktari aliyempasua alitaja zebaki. Nyamizi hakushangaa. Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma jikoni kwenye kikaango, na moshi wote wanauvuta wao na watoto wao.

Kilichomshangaza ni faili. Wiki tatu nyuma Nestory alipimwa Katoro, na figo zake ziliandikwa safi kabisa.

"Figo zinasinyaa kwa wiki tatu?"

"Haiwezekani," alisema Daktari Edward.

"Basi aliyepimwa siye aliyekufa."

Aliomba alama za vidole. Zile za kwenye faili zilikuwa kumi, zinasomeka vizuri, na dole gumba la kulia lilikuwa na kovu limelikata katikati. Vidole vya marehemu vilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Wino ulitoa madoa matupu.

"Generosa, siku anaingia hapa mlimpima vidole?"

"Mashine ilimkataa, afande. Nikaangalia kitambulisho, nikampitisha." Machozi yalianza kumtoka. "Wachimbaji wengi inawakataa. Mawe yanawasaga vidole. Tumeshazoea."

"Na waliompima Katoro?"

"Timu nyingine kabisa. Hawajawahi kukanyaga hapa."

Nyamizi alishusha pumzi. Kosa la mazoea hilo, na limeshamlaza mtu chumba cha maiti.

Saa tisa mjane alifika. Aliitwa Tereza, Mama Evelina, na aliyembebea mkoba alikuwa Paschal, mkulima wa Samuye, rafiki wa marehemu tangu walipochimba pamoja.

"Shikamoo, afande," alisema Paschal.

"Marahaba. Poleni sana. Mama Evelina, pole mama."

Aliwaandika maelezo mafupi. Paschal hakujua kuandika, kwa hiyo Nyamizi alimsogezea kidau cha wino aweke dole gumba. Paschal aliutazama ule wino kwa muda mrefu mno, ndipo akaweka.

Kovu lilitokea katikati.

"Hili ulilipataje?"

"Mundu. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe."

Nyamizi aliligeuza faili, akaliweka mbele yake. "Sasa niambie, kovu lako limefikaje kwenye faili la marehemu?"

"Paschal?" Tereza alimgeukia. "Paschal, anasema nini huyu mama?"

"Una haki ya kunyamaza," alisema Nyamizi. "Utakalosema litaandikwa."

"Nitasema." Paschal alijifuta wino kwenye suruali. "Mwaka jana walimkataa. Walimwambia figo mbovu, nenda hospitali. Safari hii akaniambia, wewe ni mzima, nenda na kitambulisho changu ukatoe damu. Mimi nitameza. Posho hiyo ndiyo nitatibia hizo figo."

"Ungeniambia mimi!" Tereza alipiga meza. "Ningemfungia ndani, uwii, ningemfungia!"

"Na wewe ukakubali?" Nyamizi alijikuta anafoka. "Umemtuma mgonjwa akameze dawa ya wazima!"

"Mayu," alisema Paschal, akisahau uafande na kumwita mama kwa Kisukuma, "wewe hujawahi kufukiwa. Mwaka juzi duara, shimo letu la dhahabu, lilituangukia, nikabaki chini ya kifusi. Watu walikimbia. Nestory alifukua kwa mikono tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ngozi yote ya vidole iliisha. Ilipoota tena, ikaota hivyo mlivyoiona. Mtu huyo akikuomba damu kidogo, unamnyima?"

Nyamizi aliandika mistari miwili, kisha kalamu ikasimama.

"Alifukua peke yake?"

Paschal aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza, Paschal. Peke yake?"

"Na Thobias, afande."

"Naye ulimtolea damu?"

"Naye, siku nyingine, kwa wapimaji wengine."

"Yuko wapi?"

"Kitanda namba tatu. Nilitaka kusema tangu nimeingia getini. Niliogopa jela."

Nyamizi alitoka mbio. Kitanda namba tatu alikuwepo yule aliyemtabasamia asubuhi, ila sasa uso ulikuwa umevimba na macho yamebaki mistari. Nyamizi alimshika mkono, akavipapasa vidole. Laini.

"Mimi mzima, afande," Thobias alinong'ona. "Zimebaki siku tatu tu."

Walimbeba kwa machela. Mlangoni walipishana na Paschal, na Paschal akakunja mikono ya shati yote miwili.

"Daktari, chukua damu yangu umpe. Nzima hii, mmeandika wenyewe."

"Damu haitamsaidia," alisema Daktari Edward bila kusimama. "Figo ndizo zimekufa."

"Basi figo. Si nasikia mtu anazo mbili?"

Machela iliingizwa garini, kwenda kwenye ile nafasi moja ya mashine. Paschal alibaki amenyoosha mikono vilevile, na Nyamizi, mwenye pingu mkononi, alichelewa kuzifunga.