Mguu wa Mtoto Hautiwi Kalibu

Asubuhi kwenye karakana ya viatu, Fundi alikuwa akipigilia misumari kwenye soli. Mkewe alipaka gundi, akapuliza, akabandika. Mikono ya mama huyu haikutakata gundi hata aisugue vipi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Gundi. Jina lenyewe alilipenda. Soli aliyoibandika yeye haikubanduka.

Siku hizo kulikuwa na mtu wa tatu karakanani. Binti yao wa wiki tano alilala kwenye boksi kubwa lililotandikwa kitambaa laini. Alikuwa na mashavu ya kufinywa na sauti ya kuitisha mkutano. Mguu wake wa kulia ulikuwa kama wa mtoto yeyote. Wa kushoto ulikuwa umepinda kuelekea ndani, na unyayo wake umegeuka juu.

Watu hawakukosa la kusema. Wa kwanza alikuwa wifi yake Mama Gundi, dada wa Fundi.

"Nilikwambia mimi! Mimba ya miezi minane, bado unakanyaga cherehani hapa karakanani. Ona sasa ulivyompinda mtoto."

"Wifi, cherehani nilikanyaga kwa miguu yote miwili," alijibu Mama Gundi. "Mbona wa kulia umenyooka?"

Wifi akasonya. Akaondoka kwenda kuyasema kwa majirani.

Baba mkwe, naye fundi viatu wa zamani, alikuwa na moyo mwema, lakini wema wake uliuma zaidi.

"Usihuzunike, mwanangu. Kushona viatu ni kazi ya kukaa. Tutamfundisha, atakula kwa jasho lake."

Mama Gundi akaweka brashi ya gundi chini. "Baba, nakuheshimu sana. Lakini mtoto hajatimiza hata miezi miwili, tayari mmeshamkalisha kitako! Huyu atatembea. Kazi atachagua mwenyewe."

Alisema kwa sauti kubwa, lakini moyoni alikuwa na hofu. Atatembeaje? Hakujua. Alijua tu kwamba hatakubali.

Fundi aliwasikiliza huku akipigilia misumari. Alikuwa na mpango wake. Maishani mwake alikuwa amenyoosha ngozi ngumu kama ubao, basi kiguu kidogo namna hii kimshinde? Akachonga kalibu ndogo ya mbao, kama ile wanayovalishia kiatu ili kishike umbo. Akaulaza mguu wa mtoto juu yake, akaunyoosha kwa nguvu, akaukaza kwa mkanda wa ngozi.

Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

"Kiatu kipya lazima kibane," alisema Fundi. "Atazoea."

Mama Gundi alinyamaza siku hiyo, kwa kuwa na yeye alitamani mguu unyooke. Kosa hilo alilijutia muda mrefu. Kesho yake asubuhi vidole vya mtoto vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi. Mkanda ulikuwa umekata ngozi. Mama Gundi hakuuliza mtu. Alichukua kisu cha kazi, akaukata mkanda ule kwa uangalifu, kisha akaitupa kalibu uani.

"Unafanya nini?" Fundi alifoka.

"Nilichopaswa kukifanya tangu jana!"

Wakati huo mlangoni alisimama mteja aliyefuata kiatu chake. Alikuwa nesi wa kliniki ya viungo katika hospitali ya hapo jirani. Alipomwona mtoto, habari ya kiatu ikamtoka kichwani. Akapiga magoti, akabonyeza kidole kimoja cha mtoto, akaachia. Kidole kikawa cheupe, kisha polepole kikapata rangi.

"Damu inarudi," alisema. "Mmewahi. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine. Twendeni hospitali tukasafishe kidonda hiki. Nani amemfunga?"

Fundi alikuna kichwa. "Mimi. Nilitaka kumnyoosha. Kitu kilichopinda si hunyooshwa kwa nguvu?"

"Nguvu, ndiyo. Swali ni nguvu gani. Nikuulize, Fundi: hiyo ngozi unayoshona iko hai?"

"Ngozi ya kiatu? Imekufa zamani."

"Ndiyo maana ukiivuta inakaa hapo ulipoiacha. Mguu huu uko hai. Umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Mtoto huanza tumboni akiwa seli moja. Inagawanyika, zinakuwa nyingi. Mwanzoni seli hizo hazijaamua zitakuwa nini, mfupa, nyama au ngozi. Huitwa seli shina."

"Zinaamuaje?" aliuliza Mama Gundi.

"Kwa mambo mengi. Zinarithi maelekezo kwa baba na mama. Lakini pia zinahisi. Zinahisi zinaposukumwa, zinapovutwa, zinapokaa pagumu au palaini. Kwenye maabara, seli shina zikiwekwa juu ya kitu kigumu, nyingi huelekea kuwa mfupa. Zikiwekwa juu ya kitu laini, huelekea kwingine. Hata yale mateke aliyokupiga tumboni yalikuwa na kazi. Yanasaidia viungo kuumbika vizuri."

Mama Gundi alimsogelea nesi. Swali alilolificha wiki tano sasa likatoka. "Kwa hiyo ni kweli? Cherehani ndiyo iliyompinda?"

"Hapana," nesi alisema bila kusita. "Mara nyingi sababu ya mguu kama huu haijulikani. Lakini si cherehani, si kukaa vibaya, si mkosi. Hukumkosea mwanao."

Mama Gundi akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akafuta uso kwa mkono wenye gundi. "Wifi yangu utamwambia hayo mwenyewe. Sasa niambie, atatembea?"

"Ukianza mapema na usiache katikati, watoto wengi hutembea vizuri. Kano na mifupa laini ya mtoto bado inasikia. Ukiivuta ghafla, unaijeruhi. Ukiivuta kwa upole na kuishikilia hapo, seli zinakua kufuata umbo jipya."

Kidonda kilipopona, kazi ikaanza. Kila wiki mtaalamu wa kliniki aliugeuza mguu kidogo tu, kisha akaufunga plasta ngumu, ile wanayofungwa waliovunjika mfupa, kuanzia vidole hadi pajani, ncha za vidole zikibaki nje. Wiki iliyofuata plasta ilitolewa, mguu ukageuzwa kidogo tena. Mama Gundi alifundishwa kutazama vidole kila siku. Vikivimba au vikibadilika rangi, arudi mara moja.

Majirani walikodoa macho. Wengine walimshauri amfunike mtoto.

"Nimfunike ameiba?" alijibu. "Tazameni mpaka mshibe."

Zilifungwa plasta sita. Kisha daktari akaikata kidogo kano, ile kamba ngumu ya nyuma ya kisigino, ili kisigino kishuke. Mguu ukafungwa tena kwa wiki tatu. Plasta ya mwisho ilipotolewa, nyayo zote mbili zilitazama mbele. Fundi aligeuza uso ukutani, na mabega yake yalitikisika.

Kumbe vita havijaisha. Mtoto alipewa viatu viwili vilivyoungwa kwa ufito wa chuma. Alitakiwa avivae mchana na usiku kwa miezi mitatu, ila saa moja ya kuoga. Baada ya hapo ni wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka minne. Fundi alikatazwa kuvirekebisha, akabaki kukagua mishono na kuguna.

Wifi alikuja siku moja mtoto akilia. "Mguu si umeshanyooka? Mvueni jamani, mnamtesa bure."

Fundi akanyoosha mkono kuelekea kwenye kifungo cha mkanda wa kiatu. Mama Gundi akasimama katikati.

"Mguu umenyooka, lakini haujazoea. Tukiuacha sasa, utarudi ulikotoka. Sitarudi kule. Anayetaka kumvua apite kwangu kwanza."

Hakupita mtu. Hata baba mkwe alisema, "Mwacheni. Huyu mama anajua anachofanya." Wifi akambeba mtoto na viatu vyake na chuma chake, akambembeleza mpaka akanyamaza.

Mtoto alipofikisha miezi kumi na minane, walimpeleka kliniki kukaguliwa. Nesi alimweka sakafuni kwenye korido ndefu yenye benchi pande zote mbili. Mtoto akatazama huku, akatazama huku. Kisha akatimua mbio, miguu yote miwili ikipiga sakafu, pa, pa, pa, mpaka wagonjwa wakageuza shingo.

"Wewe! Simama!" Mama Gundi alimkemea kwa mazoea ya kila mama.

Mtoto hakusimama. Mama Gundi akasikia kilichomtoka mdomoni, akashika kiuno, akavuta pumzi na kupaza sauti korido nzima isikie:

"Usisimame! Kimbia, mwanangu! Kimbia!"