Picha Zilizokatwa Shingoni

Saa nne asubuhi fundi aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akanusa.

"Unaunguza nguo, mwenzangu."

"Kwa pasi ipi?" mpiga pasi alijibu. "Umeme umekatika tangu alfajiri. Labda unaunguza wewe, kwa mbio zako hizo."

Walicheka. Harufu haikuondoka. Ilitulia karibu na pazia la kujaribia nguo, alikosimama binti wa fundi, mwenye miaka kumi na mitano. Wote walimwita Kifungo, kwa kuwa alimeza kimoja alipokuwa mdogo.

Sanamu la kuvishia nguo dukani lilipovunjika, fundi alimvisha binti yake magauni mapya, akampiga picha na kuziweka mtandaoni. Kila picha aliikata shingoni. "Mteja anataka kuona gauni, si sura yako," alimwambia, bila ubaya wowote. Simu ilikaa kwa binti, na maoni aliyasoma yeye.

Mfuasi mmoja hakuwa na picha wala jina. Kila mara alitangulia kuandika, neno moja tu. Kiuno. Wiki iliyofuata: Mkono. Kisha: Bado.

"Njoo nikupime," fundi alisema.

Futi ilizunguka kiuno. Kilikuwa kimepungua kwa upana wa vidole vitatu tangu wiki iliyopita.

"Mwanangu, unakula?"

"Nakula."

"Anakula hewa," mpiga pasi alisema. "Sahani yake ya jana nimeimaliza mimi, na ushahidi ni huu mwili wangu."

Kifungo hakucheka. "Mama, yeye anasema bado."

"Yeye nani?"

Binti alinyoosha simu. Kioo kilikuwa cheusi, chaji ilikwisha jana yake. Simu ikalia mlio mfupi wa ujumbe, na wote watatu waliusikia.

Fundi aliichukua, akatoa laini na kuifungia simu kwenye droo ya nyuzi. Iliendelea kulia humo ndani, na kila ilipolia Kifungo alipitisha kiganja mbavuni, ubavu kwa ubavu, kama anayekagua mshono wa mtu mwingine, huku harufu ya kitambaa kilichoungua ikizidi kiasi kwamba mpiga pasi aliinua marobota yote sakafuni na hakukuta hata cheche.

Mganga aliyeitwa na fundi alifika kesho yake mchana, mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa shule. Alifunga mlango wa duka, akamkalisha binti kwenye kigoda, akainua mkono juu ya kichwa chake na kusoma dua kwa sauti ya chini, mpaka cherehani, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kuzungusha gurudumu lake taratibu na sauti nzito ikaongea kutoka kwenye droo.

"Sikuiba. Niliukuta mwili umetundikwa hadharani, hauna uso, watu wanaupima kwa macho. Nikajua hauna mwenyewe."

"Anaye," fundi alinong'ona. "Ni mwanangu. Nilikosa mimi, mwache."

"Sikuulizia mama. Naulizia mwenyewe."

Mganga aliinamia sikio la binti. "Hili si langu wala la mama yako. Ni lako. Ukiudai mwili wako kwa kinywa chako, atatoka. Usipoudai, atauchukua. Haya, mwanangu, mwili huu ni wa nani?"

Kifungo aliitazama mikono yake, akaigeuza, akatazama viganja. Mpiga pasi alikuwa ameuma kanga yake. Gurudumu lilisimama.

"Wangu."

Ilikuwa sauti ya Kifungo, nyembamba, iliyokwaruza kidogo. Fundi alipiga magoti, akamkumbatia binti kiunoni huku akilia na kushukuru, wala hakuona kwamba mganga hajashusha mkono.

"Dada," mpiga pasi alisema polepole. "Mwachie kidogo. Mtazame mdomo."

Midomo ya Kifungo ilikuwa imefungwa. Machozi yalimtiririka, na alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana.

"Wangu," droo ilirudia, kwa sauti ileile ya Kifungo.